Kumi na Tatu Dhidi ya Nusu Inchi

Jumatatu, 4 Machi

Tangazo limebandikwa chini ya ngazi. Jumapili kamati ya jengo itachagua msimamizi wa pampu ya maji. Atakabidhiwa ufunguo wa chumba cha pampu, na jina lake litaandikwa mlangoni kwa rangi. Jina mlangoni! Miaka yote hii nauza mapazia na hakuna mlango hata mmoja duniani wenye jina langu. Hata wa nyumbani kwangu una jina la mpangaji aliyehama.

Mpinzani ni mmoja: mzee wa ghorofa ya chini, mstaafu wa karakana ya reli. Jengo zima linamwita Babu Inchi. Kwake yeye kila nati imetengenezwa kwa inchi, na anayetaja milimita humtazama kama mtu aliyetukana msibani. Mimi ni mtu wa kisasa. Nina seti ya spana za milimita kwenye kisanduku chekundu, na namba kumi na tatu ndiyo kipenzi changu.

Mke wangu akauliza ni pampu gani nimewahi kutengeneza. Nikamkumbusha feni. Akasema feni anaikumbuka vizuri sana, ndiyo maana tunalala madirisha wazi. Wivu tu.

Jumanne, 5 Machi

Mpango umekamilika. Nitalegeza bolti moja ya pampu, kidogo tu, maji yadondoke kistaarabu. Jumamosi watu wakishaanza kunung'unika, nitatokea na kisanduku changu na kuikaza mbele ya mashahidi. Werevu mtupu!

Ufunguo unakaa kwa mwenyekiti wa kamati, mwalimu wa hesabu wa ghorofa ya pili. Nikamwambia nataka kupima dirisha la chumba cha pampu niwashonee pazia. Akanijulisha kwamba chumba hakina dirisha. Nikasema ndiyo maana nataka kupima. Akanipa, lakini jicho lake silipendi.

Kumi na tatu ikaingia kwenye bolti kwa ulaini. Ilicheza kidogo. Nikaichukulia kuwa ni nafasi ya kupumua. Nikavuta. Spana ikazunguka, bolti ikabaki pale pale. Nikavuta kwa hasira. Kichwa kilichokuwa na pembe sita sasa ni laini kama shanga. Nikaitoa kwa nyundo na patasi, ikaruka, ikazama kwenye mtaro wa maji machafu.

Maji hayakudondoka kistaarabu. Yalinirukia usoni.

Jumatano, 6 Machi

Nimepata bolti mpya kwenye kopo langu, unene wa milimita nane, inang'aa. Kwa macho ililingana kabisa na tundu. Ikaingia mizunguko miwili kwa raha, kama mgeni aliyekaribishwa, kisha ikagoma. Nikailazimisha. Ikaenda upande. Sasa haiingii wala haitoki, na maji yanavuja pande zake zote. Mota nayo imeanza kutikisika kwenye miguu yake. Hilo si langu. Sidhani.

Mwenyekiti amezima kila kitu. Jengo zima halina maji. Nilipanda ngazi nikiuliza kwa sauti kubwa kuliko wote ni nani huyo asiye na utu aliyeharibu pampu.

Alhamisi, 7 Machi

Mama mkwe yuko kwetu tangu alipopasuliwa goti. Kidonda kinasafishwa kila siku, na daktari alisisitiza maji safi. Maji hakuna. Mke wangu akanikabidhi ndoo mbili, akanyoosha kidole kwenye bomba la ng'ambo ya barabara. Tunakaa ghorofa ya nne. Kila ngazi niliyopanda niliilaani inchi.

Babu Inchi ameingia chumba cha pampu kukaza mota. Spana yake ya nusu inchi ilikataa kuingia kwenye nati. Tofauti ya nusu inchi na kumi na tatu ni unene wa karatasi tu! Mtu mwenye akili angejua kuwa nati za mota ni za milimita. Yeye akatangaza kwamba zimevimba kwa unyevu. Chuma kimevimba! Nikacheka mpaka ndoo ikanimwagikia. Nikarudi bombani.

Aibu ya siku ilikuja baadaye. Nilimwita mke wangu kutoka ngazini, nikamwambia anitafutie spana malaya. Mafundi wote wanaiita hivyo, kwa kuwa mdomo wake hupanuka na kukubali nati ya ukubwa wowote. Kabla mke wangu hajajibu, sauti ya mama mkwe ikatoka chumbani.

"Unamtafuta nani, mkwe wangu?"

Nikasema ni chombo tu, mama.

"Chombo gani?"

Nikasema spana, mama, ile ya kurekebisha mdomo.

"Sivyo ulivyoiita."

Mke wangu hakuniokoa. Alikuwa amejifunika uso kwa taulo, mabega yakimcheza.

Ijumaa, 8 Machi

Nina mpango bora zaidi! Nimemwalika Babu Inchi chai, eti tushauriane kama watu wazima. Akaja na kisanduku chake, maana hatembei bila hicho. Nacho ni chekundu. Akakiweka mlangoni kando ya changu. Mama mkwe akamteka kwa habari za magoti, na mzee mwenyewe ana magoti ya kusimulia.

Nikachukua kisanduku, nikajifungia jikoni na tupa, nikasugua kila spana mpaka namba zikafutika, nikakirudisha mlangoni upande wa mzee. Ajue sasa! Kwa macho yake yale ya uzee, atapapasa siku nzima akitafuta nusu inchi. Akamaliza chai, akanishukuru kwa moyo mweupe, akachukua kisanduku chake, akashuka.

Nikafungua changu niifute vumbi kumi na tatu yangu kwa ajili ya siku kuu. Robo. Tatu juu ya nane. Nusu.

Nimesugua za kwangu! Na ameondoka nazo!

Jumamosi, 9 Machi

Sijui niandikeje.

Babu Inchi aliingia kwanza, wapangaji wamejazana mlangoni. Akapapasa, akachomoa spana isiyo na namba, akaijaribu kwenye nati ya mota. Ikakaa kama mfuniko kwenye chungu chake. Bila shaka ilikaa! Ilikuwa kumi na tatu yangu! Akakaza miguu yote minne, akainuka, akasema, "Nusu inchi haijawahi kuniangusha." Watu wakampigia makofi. Mimi ningesema nini? Nikidai spana yangu, nitaulizwa namba zimekwenda wapi.

Zamu yangu. Nikaing'oa bolti iliyokwama kwa ile spana ambayo sitaitaja jina tena. Kisha nikafungua kisanduku cha mzee. Ndani mlikuwa na bolti za inchi pia. Moja ikaingia tunduni bila ubishi hata chembe. Nikaikaza kwa nusu inchi yake, nimeifunika maandishi kwa kidole gumba. Haikucheza. Haikuteleza. Nilijisikia kama msaliti, na nikajisikia vizuri.

Pampu ikawashwa. Maji yakapanda! Nikawatangazia wote kuwa milimita imeokoa jengo. Babu Inchi akasema ni inchi. Tulibishana mpaka wengine wote walipokwenda kuoga.

Jumapili, 10 Machi

Kikao. Mwenyekiti akataka kujua vipuri vya kununua ni vya saizi gani. Nikasema milimita, pampu na mota. Babu Inchi akasema inchi, mota na pampu. Mwenyekiti akasema basi kila mmoja aonyeshe spana aliyotumia jana.

Babu akatoa yake. Mwenyekiti akaigeuza huku na huku, hakuona kitu. Mzee akasema uzee unafuta kila kitu. Watu wakacheka. Mimi nilicheka zaidi, nikijaribu kutoka nje. Nikaitwa. Mwenyekiti akavaa miwani, akasoma spana yangu kwa sauti ya darasani: "Moja juu ya mbili."

Nikamweleza kwamba hiyo ni nusu ya kumi na tatu, kiwandani huandika kwa kifupi.

"Nusu ya kumi na tatu ni sita na nusu," akasema mwalimu wa hesabu.

Ndipo mama mkwe, aliyeshushwa kwenye kiti chake apate hewa, akaona anitetee. Akasema mkwe wake ni mtu wa kazi, Ijumaa wakati wa chai alimsikia jikoni anasugua vyuma kwa tupa, akadhani anawanolea visu.

Babu Inchi akanitazama. Akaitazama ile spana laini mkononi mwake. Matusi aliyonitukana yalikuwa ya inchi nyingi.

Ufunguo amepewa mama mkwe! Kwa kura zote! Ataketi nao mlangoni na mtu yeyote mwenye spana haingii. Kesho ataitwa fundi wa pampu kutoka mjini. Jina la mama mkwe linaandikwa mlangoni kwa rangi ya bluu. Mke wangu ndiye aliyechagua rangi.

Alhamisi, 14 Machi

Fundi alikuja na seti zote mbili, ya inchi na ya milimita, akamaliza kabla chai haijapoa. Watu wanamsifu. Sioni cha kusifu. Mtu mwenye seti mbili ni mtu asiye na msimamo.

Lakini bahati imenigeukia! Leo kliniki imempa mama mkwe fremu ya kutembelea, ya alumini, miguu minne. Kesho asubuhi kamati nzima inakuja kumwona akipiga hatua za kwanza. Mguu mmoja wa fremu ulilegea kidogo sana, pengine ni mimi tu niliyeona. Akiwa amelala mchana niliifungua yote na kuifunga upya vizuri zaidi. Chombo kipya kama hicho hakiwezi kuwa cha inchi.

Vimebaki vibolti vitatu. Bila shaka ni vya ziada, na nimewaomba kamati waje na kamera.