Siku Lesikar Alipoweka Gongo Chini

Jumapili, 21 Januari 1912

Habari mbaya kuliko zote. Lesikar anaacha mchezo! Amesema mwenyewe mbele ya boma. Jumamosi, Sikukuu ya Kaisari wa Wajerumani, atapiga kwa mara ya mwisho, basi. Jicho la kulia limefunikwa na mtoto wa jicho, na la kushoto linafuata.

Chakula hakikupita. Dada yangu Hanna, ninayekaa kwake hapa Sekei, aliuliza nani amefariki. Nikamweleza. Akasema mwanamume anayelilia mpira wa ngozi akakate majani ya ng'ombe. Nikaenda. Nikalilia huko huko.

Hanna haelewi. Mchezo waliuleta Wajerumani, lakini Lesikar ndiye aliyeufanya wetu. Mmoja anarusha mpira, mwingine anaupiga kwa gongo, anakimbia hadi nguzo na kurudi kabla haujaletwa. Ukifika migombani, ng'ambo ya kiwanja, hana haja hata ya kukimbia. Mwaka ule tuliposwagwa kuvunja mawe ya barabara, tuliishi kwa kungoja Jumamosi. Lesikar alikuwa akibeba mawe pamoja nasi, bega limechubuka. Kisha anashika gongo, mpira unapotelea migombani, na kwa kitambo kidogo hakuna anayetuamuru kitu.

Jumatatu, 22 Januari

Nilimwomba Fundi Sakaya aniombee nafasi ya kutoa hotuba ya kuaga. Sakaya ni mkubwa wangu katika karakana ya boma. Tunashona matandiko ya nyumbu wa mizigo, na mipira ya mchezo pia. Nani anafaa kuliko mimi? Kila mpira aliopiga Lesikar nimeushona mimi!

Akajibu kwamba hotuba amepewa Efraimu.

Efraimu! Mpishi wa misheni! Tena atashika kibuyu cha maji cha Lesikar, na ametunga wimbo. Nimemweleza Sakaya kwamba Efraimu ana sauti ya mbuzi aliyekwama uani, na kikohozi kikavu kila mstari. Sakaya alisema nirudi kwenye tandiko.

Jumatano, 24 Januari

Mazoezi. Heri nisingekwenda. Lesikar alikosa, akakosa, akakosa tena. Alipougusa, mpira ulianguka karibu na miguu yake kama embe bovu. Vijana wa misheni, wapinzani wetu wa Jumamosi, walicheka. Yeye alitabasamu, akajipangusa jicho kwa kiganja.

Itakuwaje Jumamosi, mbele ya watu wote na bwana mkubwa, Mjerumani wa boma? Aondoke kwa kuchekwa?

Hapana. Nimepata njia.

Ijumaa, 26 Januari

Mpira wa pili umekwisha. Ngozi ileile, uzi uleule; hata mama yao asingewatofautisha. Kesho najificha migombani. Lesikar akigusa mpira, hata kidogo, vumbi litatimka, watu watatafuta umeangukia wapi. Hapo nautoa wangu. Umefika migombani! Lesikar anaaga kwa heshima.

Sakaya aliuliza kwa nini nimeshona miwili. Nikajibu ni wa akiba. Akasema tangu nianze kazi hii ndiyo mara yangu ya kwanza kufikiri. Nilifurahi.

Efraimu alipita akiimba wimbo wake. Nikausifu. Akaondoka na wasiwasi mwingi.

Jumamosi, 27 Januari

Naandika yote yalivyokuwa.

Nilikaa migombani tangu asubuhi. Siafu. Bendera, bendi ya askari, hotuba ya bwana mkubwa. Siafu tena. Mwishowe nikasikia jina la Lesikar likiimbwa. Mpigaji hurushiwa mipira mitatu. Akakosa wa kwanza. Akakosa wa pili. Sikuweza kutazama, nikafumba macho. Nikasikia ko! Gongo limegusa! Nikauviringisha mpira wangu hadi ukingoni mwa migomba, nikapiga ukelele: Umefika! Umefika!

Kisha kitu kikanigonga mgongoni nikaanguka kifudifudi.

Ulikuwa mpira. Ule wa kweli.

Alikuwa ameupiga! Peke yake! Umepita uwanja mzima na kuingia migombani, mbali kuliko siku zote!

Simel, mchezaji wa misheni, alikuja mbio, akaokota wangu ukingoni, akasikia naugulia ndani, akanitoa pamoja na mwingine. Mwalimu Solomoni, mwamuzi, akasimama na mpira mkono huu na mpira mkono huu. Misheni wakapiga kelele kwamba boma ni walaghai. Jua lilikuwa machoni mwa watu, wengi hawakuwa na uhakika. Efraimu aliapa kwamba aliuona ukipita angani. Nani amsikilize shabiki wa Lesikar? Mwalimu akakata shauri: pigo halihesabiwi.

Bwana mkubwa alicheka hadi akafuta machozi. Viboko ningevistahimili.

Lesikar hakubisha. Aliweka gongo chini taratibu, kama mtu anayelaza mtoto, akashika njia ya kwake, Lemara. Hakuna hotuba. Hakuna wimbo. Nilikuwa nimemshinda Efraimu, na sikusikia raha yoyote.

Jumatatu, 29 Januari

Sakaya ameninyang'anya uzi na sindano. Nafagia kinyesi cha nyumbu.

Jioni nilikwenda Lemara. Namnyaki, mkewe, alinipa maziwa bila kunitazama. Lesikar alikuwa ameketi mlangoni.

"Shikamoo, Baba Sinyati."

"Marahaba. Kaa."

Nikasema yote. Kwamba niliogopa asichekwe.

"Kwa hiyo ulidhani siwezi."

Nikayainamia maziwa.

"Hata mimi nilidhani hivyo," akasema. Kisha akaniinamia. "Elisaria, ule mpira, ulikwendaje? Mimi niliusikia tu mkononi. Jicho halikuufuata. Ulipanda sana? Ulipita wapi?"

"Sikuuona, baba. Nilikuwa nimefumba macho."

Akaitikia kwa kichwa, polepole.

"Efraimu anasema aliuona. Mwambie aje anisimulie. Nataka hilo tu."

Nililia njia nzima hadi Sekei. Nimeapa: hila basi! Kesho asubuhi, kabla ya kazi, nampelekea Efraimu ujumbe.

Jumanne, 30 Januari

Nimekwenda kwa Efraimu. Nikamwomba kwanza anisimulie mimi, ili nijue kama anafaa. Hafai kabisa! Eti mpira ulipanda, ukapita juu ya msonobari, ukashuka. Basi! Pigo kama lile! Hakuutaja mlima nyuma yake, wala ndege walioruka, wala watu kunyamaza. Lesikar hawezi kupewa hivyo.

Kwa hiyo nimemwambia Efraimu kwamba Lesikar amehamia kwa shemeji yake Makumira na anamngoja huko. Ameondoka mbio, na kibuyu.

Mimi nakwenda Lemara leo jua likizama. Ndani kuna moshi, na macho yale hayaoni mbali. Nitajifanya Efraimu, nimsimulie pigo linavyostahili. Nimejipaka kitunguu ninuke jikoni kama yeye, nimeazima kofia inayofanana na yake. Kilichobaki ni kile kikohozi chake kikavu. Nimekifanyia mazoezi tangu mchana.

Hanna ameuliza kama naumwa. Nimemwambia kikohozi kinaendelea vizuri.