Kadi ya Mwaka na Shavu la Kushoto

Jumanne, 4 Machi

Leo nimenunua kadi ya mwaka ya bustani ya bembea. Inaingiza mwenye kadi na mwenzake mmoja, mwaka mzima. Nimewapiga bao wenye bustani na hawana habari. Hesabu ni nyepesi: tiketi ya siku bei yake ni ile ile, lakini kadi kila ukienda inazidi kuwa rahisi. Nikienda vya kutosha itakuwa naingia bure. Nikizidisha, mimi ndiye nitakuwa nawadai.

Shemeji yangu, mdogo wa kiume wa mke wangu, msoma mita za maji, alikuwepo nikieleza. Akasema mtu anayekwenda mara mbili kwa mwaka alipie mara mbili, yaishe. Ana mashavu mapana na mawazo membamba. Sikubishana naye sana, chai ilikuwa inapoa.

Mke wangu amekubali shingo upande. Anashona sare kiwandani wiki nzima, Jumapili ndiyo siku yake pekee, na ile pesa alitaka tununulie godoro. Ametoa sharti moja: Jumapili hii twende wawili, tukae pamoja mpaka jioni, nisimwache peke yake kama kwenye harusi ya binamu yake, nilipotoweka kufuatilia biashara ya viti. Nimeapa.

Jino linaniua. Shavu la kushoto limevimba vibaya mno. Picha ya kadi nimepigwa hivyo hivyo.

Alhamisi, 6 Machi

Jana jino liling'olewa. Uvimbe kwisha. Leo nimefunga kibanda changu cha kutengeneza miavuli (jua kali, hakuna hasara) nikaenda kuanza kuishusha bei ya kadi.

Mama anayekagua kadi langoni, mwenye miwani ya kamba, alitazama picha, akanitazama mimi, akarudi kwenye picha. Akasema mwenye kadi ni mtu aliyeshiba. Nikamweleza habari za jino, nikafungua kinywa aone pengo. Akasema nifunge, kuna watoto. Ofisini nako wakaniambia picha haibadilishwi mpaka kadi ya mwaka ujao.

Mke wangu ameniuliza bustani ikoje. Nimesema nzuri sana, hasa upande wa lango.

Ijumaa, 7 Machi

Akili ni nywele. Nimeweka tonge la mkate shavu la kushoto. Mama wa langoni akatazama, akatikisa kichwa, akanipisha. Nimo!

Furaha fupi. Mtu mwenye mkate shavuni hawezi kuongea, na mtu asiyeongea hawezi kuuliza choo kiko wapi. Nikapanda kile chombo kinachozunguka. Mzunguko wa pili nikaumeza mkate bila kupenda. Nikashuka na uso wangu wa kweli, mlinzi akaanza kunifuata nyuma, nikaingia mitini kabla hajaniuliza kitu.

Ila kabla ya kutoka nilisoma tangazo ubaoni. Kuanzia mwakani, wanaokuja mara kwa mara watauziwa kadi kwa nusu bei. Wasioonekana watalipa kamili. Nilisimama pale nikasoma tena na tena.

Kwa kinyozi mjadala umewaka. Kinyozi anasema huo ni uonevu, kwa nini anayeshinda kazini alipe zaidi ya anayeshinda kwenye bembea? Mwenye duka la soda akasema mteja wa kila siku lazima abembelezwe, hata yeye huwaongezea barafu. Nikasema wote wawili wamekosea: mteja wa kila siku angepaswa kulipwa mshahara. Wakacheka. Sikuwa natania.

Tatizo ni moja. Nitaonekanaje mara kwa mara ilhali sifanani na mimi?

Jumamosi, 8 Machi

Nimeipata dawa. Shemeji! Mashavu yale, Mungu kampa bure. Nikamkabidhi kadi asubuhi, aingie kwa niaba yangu, mahudhurio yasomeke. Akaniuliza si yeye aliyesema kadi ni upuuzi? Nikamjibu kwamba ndiyo maana namsaidia ajifunze.

Amerudi jioni anang'aa. Mama wa langoni alimpokea kwa mikono miwili. Akamwonya kwamba kuna tapeli mwembamba anazungukazunguka na kadi inayofanana na yake. Shemeji akamshukuru, akamwahidi kuwa macho. Ananisimulia haya huku anakula mabaki ya chakula changu.

Nimemwomba kadi yangu kwa ajili ya kesho. Akasema kwa heshima zote, shemeji, ukionekana nayo pale wataichukua, na mwaka wote umekwenda na maji. Kadi imebaki mfukoni mwake.

Jumapili, 9 Machi

Siku yenyewe. Mke wangu amevaa gauni la bluu na viatu vipya vinavyombana. Alikuwa ameamka mapema kufunga chakula kwenye kikapu.

Njiani, shemeji akiwa nyuma yetu, nikamweleza mpango. Yeye aingie na shemeji, kadi isomwe, tusogelee nusu bei. Mimi nitakuwa nao kimawazo, nje ya ukuta. Akasimama katikati ya njia. Akauliza kama natania. Nikamwonyesha faida ya mwakani. Akasema hakuomba bembea wala nusu bei, aliomba kukaa na mimi siku moja, na kama hilo nalo ni zito niseme tu. Shemeji akajifanya anatazama magari. Nikamwambia asiharibu mahudhurio kwa hasira. Wakaingia.

Nimekaa kwenye ukuta mfupi wa ghala, ng'ambo ya bustani. Gurudumu kubwa la bembea linaonekana vizuri kutoka pale. Kila gauni la bluu lilipopanda juu nikapunga mkono. Halikupunga. Nilijikaza kisabuni, lakini moyoni nilijisikia mjinga.

Haikupita muda mrefu akatoka, peke yake, na kikapu. Akaketi ukutani karibu nami, akavua viatu. Tukala. Baadaye akaanza kunisimulia juu ya msimamizi wao kiwandani, jinsi anavyokagua vifungo kwa kuvivuta mpaka vinang'oka, kisha anamkata mshonaji mshahara. Nikacheka mpaka pengo likauma. Tumekaa hadi taa za gurudumu zikawaka, na upepo, na muziki wa mle ndani unaotufikia bila kulipa. Akaegemea bega langu akasema hapa panatosha, tuje kila Jumapili.

Naandika wazi: sikumbuki lini nilifurahi hivi.

Jumatatu, 10 Machi

Sikulala. Lile neno lake limenizunguka kichwani usiku kucha. Hapa panatosha! Kweli kabisa. Gurudumu unaliona, muziki unausikia, upepo unaupata, na mama wa langoni hayupo. Sasa kwa nini watu wanakaa pale bure?

Nimeongea na mlinzi wa ghala. Hana shida na ukuta, mradi nimfagilie.

Alhamisi, 13 Machi

Nimefagia. Kadi za ukuta ziko tayari, nimezikata mwenyewe kwenye maboksi ya miavuli. Kadi ya siku, ya mwezi, ya mwaka. Anayekuja mara kwa mara nampunguzia, sina roho mbaya. Picha sihitaji, nimejifunza.

Kinyozi amenunua ya siku, kwa huruma, nadhani. Shemeji amekataa. Anasema yeye ana ya ndani.

Jumapili, 16 Machi

Ukuta umejaa. Wazazi wanaosubiri watoto, vijana wawili wapenzi, mzee mmoja na redio yake. Wengine wamelalamika kidogo, lakini wamelipa.

Mchana akaja mke wangu, gauni lile lile la bluu, kikapu mkononi. Anatabasamu kwa mbali. Akasema umeniwekea nafasi, mume wangu? Nikamwomba kadi.

Akacheka. Nikamweleza kwa upole kwamba watu wanatazama, nikimpitisha yeye bure nitavunja utaratibu, na kwamba Jumapili ile ya kwanza nimemhesabia kama majaribio. Kicheko kikakatika. Akatazama nafasi iliyobaki karibu na yule mzee. Akaweka kikapu chini miguuni pangu, akageuka akaenda zake nyumbani. Sikuweza kumfuata, foleni ilikuwa ndefu.

Usinifikirie vibaya, nampenda sana. Jioni hii nimemkatia kadi maalumu, ya mwaka mzima, bei ya mke. Siku ambayo haitumiki ni Jumapili tu, maana ndiyo siku yenye wateja.