Lalamiko kwa Meya Kuhusu Kinu Kilichoungua Kijijini Kwenu

Mheshimiwa Meya wa Kijiji cha Saint-Orvan, Ufaransa,

Pokea heshima zangu kutoka Dubai, kwenye kaunta ya jengo moja la Jumeirah Village Circle, ninakolinda mlango kwa zamu ya saa kumi na mbili. Wewe hunifahamu. Mimi kijiji chako nakifahamu kuliko ninavyokifahamu changu, na hilo ndilo lililonileta kwako.

Mpangaji mmoja Mfaransa alipohama aliniachia kitabu kinene: historia ya kijiji chenu, iliyoandikwa na mwalimu wenu mstaafu na kutafsiriwa kwa Kiingereza. Kazini simu ni marufuku, lakini kitabu hakuna aliyekikataza. Nimekisoma mara nne. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kijiji chenu kina watu mia mbili na sita, na kitabu kina kurasa mia tano na kumi. Huo ni uchoyo. Mwalimu wenu anajua hata nani alichimba kisima cha pili, na kwa nini aligombana na aliyechimba cha kwanza. Kijiji chetu cha Upareni kina watu elfu tatu, na mimi niliyezaliwa huko najua kwamba kuna barabara, na kwamba mvua ikinyesha haipitiki.

2. Mwezi uliopita baba zangu wadogo walikwenda Rombo kunipelekea posa kwa akina Severina, ambaye yuko hapa hapa Dubai, anapiga pasi kwenye kiwanda cha dobi. Mimi nilihudhuria kwa simu ya video, nimevaa tai juu na bukta chini. Mzee mmoja wa kwao akauliza kwa upole ukoo wetu umetokea wapi. Msemaji alikuwa baba mdogo, lakini kwa kiherehere changu nikamtangulia. Nikaeleza kwamba wazee wetu waliteremka bondeni baada ya tauni, wakajenga kinu cha maji cha kusagia ngano, kinu kikaungua, na mjane wa mwenye kinu akagoma kuhama mpaka kengele iliporudishwa kanisani. Nilieleza vizuri sana. Wazee waliacha hata kunywa mbege. Ndipo baba mdogo akaniuliza mbele ya watu wote: "Naftali, kinu gani?"

3. Posa imeahirishwa. Wazee wamesema hawana neno na mimi, ila binti hatolewi kwa mtu asiyejua kwao. Severina hakunigombeza. Alisema tu khalas, yaani basi, nikajifunze kwanza, na tangu siku hiyo ananijibu ujumbe kwa neno moja moja. Inaniuma, Mheshimiwa, kwa sababu nampenda, na kwa sababu wazee wamesema kweli.

Kosa, ukitazama vizuri, ni lenu. Mngekuwa na adabu ya kusahau kama sisi wengine, haya yasingenikuta. Kwa hiyo naomba barua yenye muhuri, ithibitishe kwamba kinu ni chenu na sikukichukua kwa nia mbaya. Pili, naomba kurasa mia nne zifutwe, angalau tukaribiane. Tatu, mniazime babu mmoja. Mnao arobaini na wawili, kila mmoja na jina lake, tarehe zake na ugonjwa uliomuua. Mwenye kinu simtaki, ameshajulikana Rombo. Nipeni yule fundi viatu wa ukurasa wa 212, ambaye hakuacha mtoto. Nitamtunza, na nikishaoa nitamrudisha.

Nisalimie baraza lako lote, padri, mwalimu mstaafu (simchukii), na zile koo mbili za visima, kama zimeshapatana.

Wako mwenye kinyongo cha heshima,
Naftali Mgonja,
Mlinzi wa mlango.

Baada ya sahihi: Ombi la babu nalifuta, na kurasa zenu msiziguse. Barua hii ilichelewa kwa sababu nilimpigia mama kwanza, nimwulize jina tu la baba yake babu. Ameongea Ijumaa tatu mfululizo na ndiyo kwanza tumefika babu anapooa. Nimejaza madaftari mawili. Severina anakuja kusikiliza, na maswali mengi anauliza yeye. Jana nilimwuliza mama kwa nini miaka yote hii hakuwahi kuniambia. Akasema: "Mwanangu, wewe ukipiga unauliza hali. Nikisema njema, unakata."