Dantele Iliyoingia Tanuruni

Jumatatu, 19 Julai 1954

Masere Brigitte, mutawa wa foyer, shule yetu ya bamama na basichana, ametupatia daftari tuandike mapishi. Mapishi ninayo kichwani. Nitaandika habari ya mutoto wangu.

Hortense iko na akili ya mikono. Sisemi hivi sababu ni mutoto wangu. Ninasema sababu ni kweli. Tena ni mutoto wangu. Basichana bengine ku foyer banashona nguo za batoto bachanga. Yeye anatengeneza dantele ya kioo.

Anafanya hivi. Anapanga udongo kama kibao. Analaza juu yake kitambaa cha dantele, ile ya matundu na maua ya uzi, anakandamiza, halafu anakibandua mbio wakati udongo ungali mubichi. Alama zinabaki. Bibi yake kule Kabalo alifanya vile na kamba ya kusuka, ku shingo ya mitungi. Kibao kinachomwa mu tanuru ya Mwape, kijana mufanya matofali, kando ya mto. Kikipoa, Hortense anapaka pemba, udongo mweupe, ili kioo kisigande, anajaza unga wa chupa na vumbi kidogo la jiwe la kijani la mugodi, kinarudi mu moto. Kioo kinayeyuka, kinaingia mu kila tundu. Kioo kikibanduliwa ku kibao, unakiweka ku dirisha, jua linapita, na maua yanaanguka chini ku sakafu ya simenti.

Chupa anazitwanga mu kinu changu. Hatutwangii tena sombe, majani ya muhogo, mu kinu hicho. Faustin, bwana yangu, ndiye alikataa.

Shida ni moja: hatuna dantele ya maana. Tuko na kipande cha pazia la duka, kazi ya mashine, maua yamesimama kama maaskari. Leo Masere Brigitte amesema siku ya Mama Maria, tarehe kumi na tano Agosti, atachagua kazi moja ya kutundika ku dirisha kubwa la foyer. Alitazama kioo cha Hortense. Alisema mukono ni muzuri, lakini dantele ni mubaya.

Mama Kapinga alikuwa nyuma yangu. Alikohoa. Huyu ni jirani wangu, mutu wa Kasai, anafuma kroshe usiku na muchana, hata sufuria yake iko na kofia. Ninajua kikohozi cha ugonjwa na ninajua kikohozi cha furaha.

Alhamisi, 22 Julai

Nimepata. Imekuwa mu mikono yangu siku zote!

Mimi ndiye ninafulaga nguo za Monpère Léonard, padri wetu, na vitambaa vya altari. Hakuna mwingine parokiani anayeaminiwa, wanajua pasi yangu. Na Monpère iko na kanzu nyeupe ya misa ya sikukuu tu. Kutoka magoti mpaka chini ni dantele tupu, ya zamani, ya kwao Ulaya, ya mukono. Mawaridi, majani, mikia ya mizabibu. Leo nimeitoa ku sanduku kuipigisha upepo. Nimeitazama sana. Kila waridi liko na petali tano, isipokuwa moja, pembeni, liko na nne. Aliyefuma alikuwa anasinzia. Namusamehe.

Monpère hataivaa mpaka siku ya Mama Maria. Dantele imeshonwa ku kanzu na uzi mwepesi. Kufumua, kukandamiza, kushona tena: nani atajua?

Hortense simwambii. Itakuwa zawadi. Faustin naye nilimwambia nusu tu ya habari. Alitafuna, akameza, akasema, "Mama Hortense, kila ukitaka kusaidia, mimi ninatamani kazi ya reli ya mbali, kule Sakania." Kweli, jioni ameondoka na treni ya kazi. Wiki mbili.

Jumamosi ya posho, 24 Julai

Nimefumua. Wembe mupya, uzi kwa uzi.

Nimeona kosa la Hortense. Dantele ikiwa laini inalala ku udongo kama muntu muchovu, ndiyo sababu maua yake yanatoka bapa. Mimi nimepika amido, wanga wa muhogo, nzito, kama ile ya kola za sikukuu. Nimechovya, nimenyoosha, nimepiga pasi kidogo. Maua yamesimama yenyewe. Ungeweza kuweka sahani juu yake.

Nimekandamiza ku udongo na nimeacha juani ikamate vizuri. Hortense anabandua mbio mbio. Haraka ya batoto.

Jumatatu, 26 Julai

Imekamata.

Imekamata sana. Amido na udongo wamefunga ndoa. Nilivuta pembe moja, jani likabaki. Nilimwagia maji, udongo ukaanza kwenda na maua. Nikaacha. Nilikaa chini nikafikiri.

Moto unafungua vitu. Masizi ya sufuria yanatoka na moto. Nta ya mushumaa inatoka ku kitambaa cha altari na pasi ya moto, kila mama wa kufua anajua. Basi nimefunika kibao na kitenge, nimekipeleka kwa Mwape. Alitazama. Aliuliza, "Mama, kitambaa kinaingia nacho?" Nikamwambia kijana anayetazama binti ya mutu kila jioni asiulize maswali mengi. Alikipokea. Ametia.

Jumatano, 28 Julai

Dantele haiko.

Mwape alifungua tanuru asubuhi. Kibao kiko, chekundu, kizima. Ya dantele kuna majivu meupe. Nilipumua karibu, yakaruka.

Nilikuwa ningali nimeinama pale Hortense akafika, Mwape alikuwa amemwita, musaliti. Aliuliza ile ilikuwa dantele ya nani. Nikamwambia. Alikaa ku matofali. Hakunipigia makelele, ningependelea makelele. Halafu macho yake yakaenda ku kibao. Alipitisha kidole. Kila uzi uko pale. Kila fundo. Hata petali nne za yule aliyesinzia. Kwa sauti ndogo alisema hajaona alama kama hiyo tangu azaliwe.

Mu njia ya kurudi nikakutana na nani? Monpère Léonard mwenyewe, ku baiskeli. Alisimama. Alisema, "Mama Jeanne, ile kanzu ya sikukuu, pole pole nayo, eh? Mama yangu alifuma dantele yake miaka mitatu, mpaka macho yakamwacha. Ilifika hapa mu kifurushi, na barua ya kifo chake ikafika nyuma." Nikasema ndiyo Monpère, pole pole. Alinishukuru. Ameniambia mikono yangu inamukumbusha ya mama yake.

Sikula ugali leo. Mama mwenzangu. Nimemuchoma.

Siku ya Mungu, 1 Agosti

Kioo kimetoka. Hortense alikijaza mwenyewe, alilinda moto na Mwape. Siwezi kuandika vile kiko. Kijani ya maji ya kisima, na ndani mawaridi ya mama wa Monpère, yote. Hortense analia na anacheka. Anasema tukipeleke sasa hivi kwa Monpère, tuseme kweli.

Nimemwambia kweli inahitaji kanzu nzima kwanza. Kanzu bila upindo iko ku kiti inanitazama.

Mu parokia hii muntu mumoja tu anaweza kufuma upindo kabla ya sikukuu. Nilienda. Nilimwambia Mama Kapinga nataka kipambo cha kroshe cha etajere, ile rafu ya sahani. Nilisifu kofia ya sufuria yake. Ilikuwa chungu mu kinywa kama dawa ya malaria. Nilimpa kamba ya kipimo. Aliikunjua, ikatoka mpaka mulangoni. Aliuliza, "Yaya, dada yangu, etajere gani hii, ya hoteli?" Nikasema tunanunua sahani zingine. Alitazama mbingu, akakubali. Aliuliza nataka sura gani. Nikasema ya kupendeza, afuate moyo wake.

Jumanne, 10 Agosti

Moyo wake ni kuku.

Kuku na nanasi, kuku na nanasi, kuzunguka mpaka mwisho. Kila kuku na jicho na kishungi. Alisema kwa sahani ndiyo inafaa, sahani inabebaga kuku. Siwezi kusema kazi ni mubaya. Hata doa la jasho halionekani. Lakini upana ni kiganja kimoja, na dantele ilitoka magoti mpaka chini.

Nimeshona. Ukisimama mbali na kufunga jicho moja, ni mawaridi manene.

Faustin amerudi na samaki mukavu. Aliona kanzu. Alihesabu kuku na kidole, akafika nusu, akaenda kulala.

Siku ya Mungu, 15 Agosti, Mama Maria

Kanisa limejaa mpaka nje. Mimi niko ku benchi la mbele, kitenge kipya, Hortense kando yangu na kifurushi ku magoti. Nilimukataza kukibeba. Alikibeba.

Waimbaji baliimba. Monpère akatoka.

Kanzu iliishia chini kidogo ya magoti. Halafu kuku. Halafu soksi za kaki na viatu vya baiskeli. Alitembea sawasawa, uso wa sala, lakini kila akipiga hatua kuku banaruka. Batoto ba mbele baliona kwanza. Kamoja kakahesabu kwa sauti. Nilitazama sanamu ya Mama Maria. Yeye pia alikuwa anatazama chini.

Nyuma yangu nikasikia pumzi inavutwa. Mama Kapinga. Nilingoja anitobolee siri. Akamwambia mwenzake, na nusu ya kanisa, "Kumbe etajere ya mahali patakatifu! Mama Hortense alinificha sababu ya heshima. Monpère anavaa kuku zangu." Alilia. Bamama balimushika mikono. Walipoenda kwa komunyo, kila mumoja aliinama kuangalia jicho la kuku.

Muntu achome dantele, ashone, asilale, na sifa zote ziende Kasai.

Kisha misa, Monpère aliniita ku sakristia. Kanzu ilikuwa ku mikono yake, imekunjwa. Hakuwa na hasira, ningejua la kufanya na hasira. Aliuliza tu, "Mama Jeanne, mama yangu iko wapi?"

Nilikuwa na majibu matatu. Panya. Mwizi wa Kasomeno. Upepo. Nilifungua kinywa na panya, na Hortense akapita mbele yangu. Alimwambia yote. Hata amido. Halafu akafungua kifurushi.

Monpère alipeleka kioo ku dirisha. Jua la saa tano. Mawaridi yalianguka juu ya meza, juu ya kitabu cha misa, juu ya soksi zake za kaki. Alisimama. Alitafuta na kidole mpaka pembeni, akapata lile la petali nne. Alisema hapo ndipo macho yalimwacha. Yeye alimwandikia mama yake aache, mama akajibu waridi limoja tu limebaki. Kidole hakikutoka pale muda murefu.

Hortense alimwambia kioo ni chake. Hakuniuliza. Dirisha la foyer, Masere Brigitte, sikukuu yote, yeye akasema tu, "Ni yako, Monpère." Nilitaka kumufinya. Nilitaka pia kupanda juu ya paa na kuita bantu wote ba Élisabethville kuja kuona binti niliyezaa.

Monpère alipangusa miwani. Aliniambia, "Hiki, Mama Jeanne, hata wewe huwezi kukifua." Alicheka kidogo. Halafu akasema kuanzia kesho nguo za kanisa zinaenda kwa Mama Kapinga. Na malipizi yangu: niende kwake nimwambie kipimo hakikuwa cha etajere.

Jumatatu, 16 Agosti

Nilienda. Nilisema. Mama Kapinga aliweka kikombe chini. Halafu akaanza kucheka, akajishika ku mulango, akaita batoto bake baje kusikia. Alisema alijua tangu kamba ya kipimo, etajere gani inazungukaga kama tumbo? Alifikiri tu kipimo ni cha kanzu ya Faustin.

Amesema hanifichui kwa muntu, lakini Monpère amemurudishia kuku, na nikitaka anyamaze nitaziweka mu nyumba yangu, pale wageni banaona. Sasa ziko ku etajere kweli, na zinazidi. Zinazunguka kuta tatu. Ametuma na chupa kumi tupu kwa Hortense, ameziosha mwenyewe. Ni muntu muzuri. Simwambii.

Masere Brigitte ametundika mu dirisha la foyer nguo ya mutoto muchanga, iko na bata.

Jumatano, 25 Agosti

Leo nilipita sakristia, kusalimu tu. Kioo kiko ku dirisha la mashariki. Monpère anavalia kanzu yake fupi pale mbele yake, asubuhi maua yanamufika mpaka miguuni, kama zamani. Alimuuliza Hortense kama anaweza kutengeneza vingine vya madirisha ya kanisa lenyewe. Madirisha saba. Mutoto wangu. Saba. Hortense alisema ndiyo, akipata dantele ya mukono, ya kukandamiza na kubandua mbio, na ruhusa ya mwenyewe. Alisema neno ruhusa akinitazama mimi. Sijui kwa nini.

Mungu hafungi mulango bila kufungua dirisha. Nimepata kazi mupya ya kufua, kwa Madame mumoja wa nyumba kubwa za upande wa golf, kwa bazungu. Muntu wa upole, macho yake hayaoni mbali. Leo alinionyesha kabati. Chini kabisa, mu karatasi ya buluu, kuna shela ya ndoa yake. Dantele ya mukono ya Bruges, kule Ulaya. Ndefu, Mungu wangu, ingefunika locomotive ya treni. Madirisha saba na kipande kinabaki. Niliuliza tu kama inafuliwaga. Alisema haijaguswa miaka ishirini, maskini.

Muntu anajifunza. Safari hii sitatia amido.

Nimemweleza Faustin wakati wa chakula. Alisukuma sahani. Alivaa kofia, ameenda ku gari la moshi kuuliza kama kuna kazi Sakania.