Maombi ya Kibali cha Mistari Sambamba

Kwa Mwalimu Mkuu,

Shikamoo. Naomba barua hii uisome ukiwa umeketi. Mimi naiandika nimesimama, maana huyu mchanga wa mgongoni nikikaa tu anaamka. Mimi ni mama yake Chiriku wa darasa la sita, yule mliyezoea kumwambia apunguze mdomo. Siku hizi hamna haja, amenyamaza mwenyewe. Jumatatu mnamshusha mkondo wa chini, wa wale mnaowaita walioshindikana, na sababu ni neno moja la Kiingereza: parallel. Malalamiko yangu ni haya.

1. Mwalimu wa Hesabu alimwita ubaoni aichore mistari hiyo. Akachora miwili. Mwalimu akaipima kwa rula yake mwenyewe, akaiona iko sawa. Akamwuliza maana ya parallel. Mtoto akajibu kwamba ni mistari inayokwenda sambamba, hata ukiivuta mpaka kesho kutwa haikutani. Mwalimu akasema hiyo ni lugha ya jikoni, na asiyeweza kuieleza parallel kwa Kiingereza haijui parallel. Akaifuta mistari, akaandika sifuri. Darasa zima likacheka.

2. Nilipoitwa ofisini nilimwuliza Mwalimu kwa heshima, mistari ilikosea wapi? Akaniambia, "Mama, usinichoshe, nina vipindi." Nikamwelewa. Kumbe vitu haviwi sambamba mpaka vitajwe kwa Kiingereza! Sisi wa shule ndogo tulikuwa tunaishi kwa kubahatisha.

3. Sasa naogopa kulala. Dirisha langu lina nondo, na fundi aliyezichomelea sikumsikia akitamka Kiingereza chochote isipokuwa "advansi". Nani atanihakikishia kwamba hazitakutana tukiwa usingizini zikatuziba hewa? Naomba Mwalimu aje azisomee maana yake, moja moja, kwa sauti.

4. Akimaliza dirisha, apande kitanda cha ghorofa. Mbao mbili za ubavuni ndizo zinazomzuia Chiriku asimwangukie mdogo wake. Zilipigiliwa na baba yao, ambaye Kiingereza chake kinaishia kwenye goli, kona na penalti. Nimewashusha watoto, wanalala chini mpaka mtoe kibali.

5. Kamba za kuanikia nguo sizigusi tena. Nguo nazirundika kwenye beseni, zimeanza kunuka uvundo. Jirani ananicheka, eti nimerukwa na akili. Nikamwambia cheka tu, dada. Siku barabara ya shule itakapogundua kwamba kingo zake hazijafanya mtihani, itabana pale mbele ya geti, na watoto mtawapitisha kama uzi kwenye tundu la sindano.

6. Hili silifanyii mzaha. Chiriku aliuliza kwa nini mistari hiyo haikutani. Mwalimu akajibu kwamba kitabu kimesema, inatosha. Mwalimu Mkuu, kukariri si kujua. Hata kasuku anakariri na hapewi cheti. Tangu hapo mwanangu akikosea anafuta mpaka karatasi inatoboka, na haulizi kitu, hata kama chakula kimeiva. Basi hahami. Jumatatu nitamleta kwenye dawati lake lile lile, nitakaa ubavuni pake na huyu wa mgongoni, na hatutaondoka mpaka mtu mzima mmoja amjibu kwa nini, kwa lugha yoyote aliyo nayo.

Nisalimie mpiga kengele, mpishi, walimu wote na watoto. Mwalimu wa Hesabu naye msalimie, ila umtafsirie, asije akadhani hajasalimiwa.

Mimi mzazi mwenzako, mwenye usingizi na msimamo,
Mama Chiriku

N.B. Jana alikuja wifi yangu na mwanawe anayesoma shule ya gharama. Nikamsimamisha Chiriku sebuleni, akaitoa maana yote ya parallel kwa Kiingereza bila kumeza mate, maana wiki nzima nimekuwa nikimkaririsha, akikosea neno anaanza upya. Nilipiga makofi mpaka huyu wa mgongoni akaamka. Wifi akauliza maneno hayo maana yake nini. Nikamwambia, wifi, wewe kunywa chai. Kwa hiyo nauliza kama ile chekechea yenu ya Kiingereza bado ina nafasi ya huyu wa mgongoni. Haongei lugha yoyote bado, kwa hiyo hajaharibika.