Wapwa Sita wa Mama Vigae

Siku bahati ilipomjia, Sharubati alikuwa amejibanza kwenye benchi la saluni akisubiri mkewe amalize kusuka kichwa cha mtu ili ampe hela ya vocha. Mtaani walimwita Sharubati kwa utamu wa maneno yake, na yeye jina hilo alilibeba kama cheo. Alikuwa mtu wa bidii kubwa katika jambo moja tu, nalo ni kukwepa kazi. Kwa hilo hakuwa na mpinzani.

"Mwanangu kapata kazi ng'ambo!" alipaza sauti mama mmoja aliyeketi chini ya draya. Walio chini ya draya hudhani dunia nzima imeziba masikio.

"Kaondoka lini?" aliuliza mkewe Sharubati.

"Haondoki! Yuko chumbani kwake na bukta. Kampuni iko ng'ambo, ila haina ofisi hapa, kwa hiyo haiwezi kumwajiri. Sasa kuna kampuni ya hapahapa inamwajiri kwa niaba yao. Mkataba wanatoa hawa, mshahara wanalipa hawa, kodi wanakata hawa. Wale wa ng'ambo wanawarudishia, na cha juu wanawapa!"

"Kwa hiyo bosi wake nani hasa?"

"Wa kwenye mkataba hajawahi kumwona. Wa kwenye kazi naye hajawahi kumwona. Lakini mshahara anauona!"

Sharubati akasahau vocha. Waajiri wawili, wote hawaonekani, na katikati yao pesa inapita! Alishangaa kwamba wazo tamu kiasi hicho limeachwa mikononi mwa watu waaminifu. Aliondoka saluni bila kuaga, na mkewe, aliyezoea kuombwa, akabaki na hela ya vocha mkononi akijiuliza kama mumewe anaumwa.

Hila yenyewe ilikuwa rahisi. Alihitaji mfanyabiashara mwenye duka, leseni na tamaa. Angemwambia kuna kampuni kubwa ya ng'ambo inatafuta mwajiri wa jina: yeye aajiri vijana kwenye karatasi, kampuni imrudishie mishahara na kumwongezea fungu lake kwa kila kichwa. Ila ili kuaminika, mwajiri huyo angeweka kwanza dhamana nono. Dhamana ingeenda kwa kampuni, na kampuni haikuwa na makao mengine duniani zaidi ya mdomo wa Sharubati.

Akampata Mama Vigae.

Mama Vigae alikuwa na duka ghorofani, mwisho wa korido, mlango wa pili baada ya fundi funguo. Aliuza vigae vya sakafu, au tuseme alivifuta vumbi, kwa maana mteja hakuonekana. Alikuwa mama mfupi wa makamo, miwani imening'inia kifuani kwa uzi, na alipomsikiliza Sharubati aliacha mdomo wazi kidogo. Sharubati aliupenda sana mdomo ule.

"Kwa hiyo mwanangu, mimi naajiri, halafu kazi haifanyiki kwangu?"

"Hapana, mama. Wewe ni mwajiri kwa jina tu. Gharama zote ni za kampuni."

"Zote?"

"Zote, mama. Ndiyo uzuri wake."

"Hata mtu akiugua?"

"Hata akiugua, mama! Sheria ndivyo inavyotaka. Kampuni inabeba."

Mama Vigae akavaa miwani, akamtazama kama mtu anayeangalia kigae kama kina ufa. Akasema dhamana anayo, tena kubwa, ameiweka tangu mumewe afariki na hajajua aifanyie nini. Sharubati akameza mate kwa heshima ya marehemu. "Na watu ninao," aliendelea mama. "Nina wapwa zangu sita, wamesoma, wapo tu nyumbani wananimalizia sukari. Ila mwanangu, mimi mjane. Naogopa matapeli."

"Wamezidi siku hizi," Sharubati alikubali kwa uchungu.

"Basi kampuni ilipe kwanza mshahara wa mwezi mmoja wa hawa sita, wafanye kazi, nione. Mwezi ukiisha, naweka dhamana yao, na ya wengine ishirini watakaofuata."

Sharubati alipiga hesabu haraka kichwani, akaona mshahara wa sita ni chambo tu, na samaki ni mkubwa mno kuachwa. Tatizo moja dogo: chambo chenyewe hakuwa nacho. Aliyekuwa nacho ni mkewe.

Mkewe alikuwa amesuka vichwa vya watu kwenye saluni ya mtu mwingine kwa miaka, akiweka kidogo kidogo ili afungue yake. Chumba alishakichagua, rangi ya kuta alishaichagua, na mara kwa mara alipita pale kukitazama kwa nje tu. Jioni ile Sharubati alimweleza kwamba amepata kazi: ni wakala wa kampuni ya ng'ambo, anasimamia watu sita, na kampuni inamtaka atangulize mishahara itakayorudishwa mwisho wa mwezi.

Mkewe aliuliza jambo moja tu. "Utakuwa unaamka asubuhi?"

"Saa kumi na mbili."

"Miaka yote nimekuombea hilo," alisema, na macho yake yakalengwalengwa. Akamtumia pesa yote kwa simu, palepale, kisha akatoa pasi na kuanza kumnyooshea shati. Sharubati aliona haya, na yalikuwa haya ya kweli, kwa sababu hata uongo wenyewe alitamani uwe kweli. Lakini akajiambia kwamba mwisho wa mwezi angemnunulia saluni mbili, akajisamehe.

Sharubati akampelekea Mama Vigae mishahara ya wapwa sita, na kazi ikaanza. Kila asubuhi mkewe akishatoka, Sharubati aliketi mezani na shati lililonyooshwa juu na bukta chini, akawapigia wapwa kwa simu ya kikundi. Alikuwa Meneja wa Ng'ambo. Video alikataza, akisema mtandao wa kwao ni mbovu.

"Habari ya asubuhi, wote fanyakazi," alisema kwa sauti nzito ya kigeni. "Leo kazi mingi. Mimi nataka nyinyi panga jina ya wateja, toka A mpaka mwisho yake."

"Ndiyo bosi!" walijibu, mmoja baada ya mwingine. Nao wala hawakuulizia video, wakasema hata mtandao wa huku si wa kuaminika. Sharubati alifurahi sana kwamba haonekani, na kwa furaha hiyo akasahau kuwa na yeye haoni.

Punde akawajua. Kulikuwa na mpwa aliyechekea puani. Kulikuwa na mcha Mungu aliyeshukuru kabla ya kila sentensi, hadi kikao kikachelewa. Wawili walikuwa wapole, hawakusema lolote zaidi ya ndiyo. Kulikuwa na binti mwenye sauti nyororo, na kulikuwa na kijana wa kikohozi, maskini, aliyekohoa kikohozi kikavu cha kusikitisha huku akiomba radhi kila mara.

Wiki ya pili mambo ya ajira yakaanza. Binti alikuwa mjamzito na alihitaji vipimo. Mchekaji alidai posho ya umeme, kwa kuwa anafanyia kazi nyumbani. Mcha Mungu, baada ya kushukuru kwa kirefu, alikumbusha habari ya mfuko wa uzeeni. Sharubati akakimbilia dukani.

"Mama, wapwa zako wana madai mengi."

"Sheria, mwanangu," Mama Vigae alisema huku akifuta kigae. "Mimi mwajiri kwa jina tu. Gharama ni za kampuni. Si wewe mwenyewe ulinifundisha?"

Sharubati aliuza redio yake, akalipa vipimo. Akauza saa, akalipa umeme. Na kijana wa kikohozi aliposema kwa unyonge kwamba ataendelea tu na kazi hata akifia mezani, Sharubati hakungoja kudaiwa: alikopa kwa muuza mkaa na kumtumia ya hospitali. Kumbuka kwamba huyu ni mtu aliyewahi kumuuzia kipofu tochi. Usiku alilala akimuwaza. Asubuhi neno lake la kwanza likawa, "Wewe kijana yangu, kifua iko namna gani?"

"Nafuu kidogo, bosi. Mungu akubariki, bosi."

Na Sharubati, kwa lafudhi yake ya ng'ambo, alijisikia mtu. Mkewe naye hakunyamaza saluni. Kila aliyeketi kwenye kiti chake alisikia habari za mume anayeamka alfajiri na kusimamia watu sita, na ikiwa yuko chini ya draya alisikilizishwa kwa sauti kubwa zaidi.

Mwezi ulipokwisha, Sharubati alipanda ngazi za ghorofa akipiga mluzi, akiwa na begi la kubebea dhamana. Duka la vigae lilikuwa wazi. Ndani hamkuwa na kigae hata kimoja. Kijana mmoja alikuwa anapiga deki.

Akaenda kwa fundi funguo. "Samahani kaka, Mama Vigae kahamia wapi?"

"Nani? Yule mama? Alipanga mwezi mmoja tu, umeisha, kaondoka. Hata vile vigae alikuja navyo kwenye boksi."

"Na wapwa zake?"

"Wapwa gani?"

"Sita! Wale aliowaajiri!"

Fundi funguo akaweka tupa chini. "Kaka, mle ndani alikuwa peke yake. Kila asubuhi anafunga mlango, anaongea na simu sita kwa sauti mbalimbali. Mara kidume, mara kibinti. Tulidhani ni mtu wa maigizo anafanya mazoezi. Na kile kikohozi! Siku moja nilimpelekea maji ya moto, nikamkuta anakohoa huku anakula biskuti."

Sharubati akashika fremu ya mlango.

"Halafu kulikuwa na jamaa mwingine kwenye hizo simu," fundi aliendelea, machozi ya kicheko yakimtoka. "Kiswahili chake sasa! 'Wote fanyakazi!' Korido nzima tulikuwa tunakuja kusikiliza. Tutamkosa kwa kweli. Wewe unamjua?"

"Simjui," alisema Sharubati.

Watumishi hewa dunia imewajua siku nyingi, na waajiri hewa pia. Lakini kampuni hewa kuwalipa watumishi hewa mshahara halisi, tena na matibabu, hilo Sharubati alikuwa wa kwanza kulifanya. Aliteremka ngazi akijua kwamba ameingizwa mjini, yeye mwenyeji wa mji.

Alizunguka hadi jioni akitunga uongo wa kumpelekea mkewe. Alitunga mzuri, wenye majambazi. Lakini alipofika nyumbani akamkuta anamnyooshea shati la kesho, na ulimi wake, uliokuwa haujawahi kumwangusha, ukagoma.

"Kampuni imerudisha?" aliuliza mkewe.

"Hakuna kampuni."

"Na wale watu sita?"

"Hawapo."

"Wamefukuzwa?"

"Hawakuwepo."

Akamweleza yote. Mkewe alizima pasi, akakaa chini, akalia. Alilia kwa ajili ya chumba alichokuwa akikitazama kwa nje na rangi ya kuta zake, na Sharubati alisimama pale akatamani angalau atukanwe. Hakutukanwa. Baadaye mkewe alifuta uso kwa kiganja, akauliza swali la ajabu.

"Mwezi mzima uliamka alfajiri?"

"Niliamka."

"Kila siku?"

"Hata siku ile ya homa. Ningewaachaje?"

Mkewe akamtazama, na mdomo wake ukacheza kidogo, ukataka kucheka bila ruhusa yake. Akasimama, akalishika kochi upande mmoja. "Shika huko."

"Tunalipeleka wapi?"

"Chumbani. Sebule hii kuanzia kesho ni saluni yangu. Saa moja kamili uwe hapa. Utachota maji, utaosha vichwa vya wateja, utafagia nywele, na huo mdomo wako utaniletea watu kutoka barabarani. Nimekuajiri."

Sharubati aliinua upande wake wa kochi. Kwa mwezi mmoja alikuwa amejifunza mengi kuhusu haki za mfanyakazi, na mazoea yana taabu.

"Na mshahara?" aliuliza.

"Mshahara," alisema mkewe, "ulishachukua."