Mkuweti wa Dumyati

Wagdi Zanati hakuwa na kitanda, na Mama Inshirah, mama wa mchumba wake, alikwishasema kwamba bila kitanda hakuna ndoa. Alilisema neno hilo mbele ya wajomba wawili na sinia la baklawa, kwa hiyo halikuwa la kurudishwa nyuma. Dhahabu ya posa ilikwishapelekwa. Fleti ilikwishapatikana, ghorofa ya tano, lifti ikiwa mbovu. Kilichobaki ni seti ya chumba cha kulala: kitanda, kabati la milango sita, meza ya kioo na vimeza viwili vya kando. Idi kubwa ikifika bila seti hiyo, dhahabu ingerudi kwenye kijaluba chake na Shahinda angeolewa na binamu yake mwenye duka la jibini.

Kukosa kitanda mahali pengine ni umaskini. Kukosa kitanda Dumyati, ambako kila nyumba ya tatu ina karakana na watoto hukua wakipiga chafya ya vumbi la mbao, ni aibu ya aina yake.

Mji mzima ulimwita Wagdi Injinia. Sababu ya kwanza ni kwamba alibadilisha vioo vya simu. Ya pili ni kwamba Misri mtu asipokuwa injinia ni daktari, na Wagdi aliogopa damu. Shahinda mwenyewe alimpata kwa kioo. Alileta simu iliyopasuka, akamsikiliza Wagdi anavyojisifu kwa robo saa, kisha akasema, "Kaka, kioo changu kina nyufa chache kuliko hadithi yako." Tangu siku hiyo Wagdi hakuwa na hamu ya mwanamke mwingine, na wa jibini alikuwa adui yake ingawa hawajawahi kusalimiana.

Kwa hiyo alikwenda kwa Hajji Bayumi kulia shida.

Hajji Bayumi alikuwa na ukumbi wa fanicha wenye ghorofa tatu na wana wanne waliojengeka kama makabati. Alikuwa na elimu moja tu, lakini aliijua barabara: alijua kusoma viatu. Mteja akiingia, Hajji alitazama viatu, halafu saa, halafu akasikiliza lafudhi, ndipo akataja bei. Baba wa bibi harusi kutoka kijijini, mwenye vumbi kwenye kisigino, aliambiwa seti ni pauni elfu sabini. Mtu wa Kairo mwenye viatu vinavyong'aa aliambiwa elfu tisini na tano. Mtu wa Ghuba, ambaye huja na ndara za ngozi zenye thamani ya kabati, alitajiwa laki mbili na elfu kumi, na Hajji aliitaja bei hiyo akiwa ameinua macho darini, kama mtu anayepokea ujumbe.

Siku hiyo Hajji hakutaka kusikia shida ya mtu. Alikuwa na yake.

"Hii tovuti aliyonitengenezea mtoto wa dada yangu imenimaliza, Injinia," alisema. "Bei moja kwa watu wote. Bilionea anaiona, mbeba mizigo anaiona. Huu ni ukomunisti!"

"Pole, Hajji."

"Nitamjuaje mtu mtandaoni? Miguu yake iko wapi?"

Hapo Wagdi akasahau kwamba alikuja kuomba mkopo. Aliona kitanda, na juu ya kitanda aliona mto, na juu ya mto hakumwona muuza jibini.

"Hajji," alisema polepole, akivuta kiti, "mtandaoni viatu vinaonekana."

"Wacha wee."

"Kila anayefungua tovuti yako, simu yake inabisha hodi kwa namba. Inaitwa anwani ya IP. Namba hiyo anapewa na kampuni inayomuuzia intaneti, na kampuni ina nchi yake na miji yake. Wapo watu kazi yao ni kukusanya tu: namba hizi za Kuweti, hizi za Doha, hizi za Mansura. Tovuti inatazama namba, inamjua mgeni ametokea wapi, na kabla hajakaa vizuri inamwekea bei yake."

Hajji aliacha kuvuta tasbihi. "Inajua mpaka nyumba yake?"

"Inajua kuliko mkewe."

Kwa haki, haijui. Nchi huijua vizuri, mji huubahatisha, na nyumba haiijui kabisa. Lakini ukweli huo haujawahi kumuuzia mtu chochote.

Walikubaliana juu ya kahawa ya pili. Wagdi angeiwekea tovuti Jicho, na ofisini kwa Hajji ingewekwa skrini yenye ramani, kila mgeni akiingia taa iwake mahali alipo. Malipo: pauni hamsini kwa kila kichwa cha Ghuba kitakachoangalia fanicha. Hajji alijaribu kushusha ziwe arobaini. Wagdi akainuka kama mtu aliyetukaniwa ukoo. Zikabaki hamsini.

Jicho lilifanya kazi, na hilo ndilo lililomsikitisha Wagdi. Wiki ya kwanza taa ziliwaka Dumyati, Mansura, Kairo, na moja iliwaka Norwei, ya mtu ambaye bila shaka alipotea njia. Ghuba kulikuwa giza tupu. Inaonekana watu wa Ghuba walikuwa na vitanda.

Basi Wagdi akaamua kuwasaidia. Alikuwa na programu kwenye simu inayozungusha njia ya intaneti: unaingilia Dumyati, unatokea nchi nyingine ukiwa na namba ya huko. Akahamia mkahawani. Asubuhi alikunywa kahawa akiwa Kuweti, adhuhuri alikula maharage ya ful akiwa Doha, alasiri alivuta shisha Riyadh, na mhudumu hakumwona akinyanyuka kitini hata mara moja. Kila alipohama, taa iliwaka kwenye skrini ya Hajji, na Hajji alipiga kelele za furaha zilizosikika karakanani.

"Kuweti wamerudi!" aliwaambia wanawe. "Huyu wa leo ametazama kabati dakika tisa. Mtu hatazami kabati dakika tisa kama hana nia."

Kulikuwa na tatizo dogo moja. Dada yake Hajji, anayekaa mtaa wa nyuma ya ukumbi, alifungua tovuti kwa simu yake na kuwekewa bei ya Kairo. Alikuja na kandambili mkononi. "Mimi ndugu yako wa tumbo moja unanipandishia elfu ishirini na tano?" Kisa ni kwamba kampuni ya simu iliandikisha namba zake zote Kairo, kwa hiyo nusu ya Dumyati, kwa mujibu wa Jicho, walikuwa wakazi wa Kairo. Wagdi aliitwa ajieleze.

"Bibi," alisema kwa upole, "simu yako inawaza makubwa. Mwili uko hapa, roho yake iko Kairo."

"Na yeye Hajji je? Nimeona ya kwake nayo inasema Kairo."

"Hajji ni mtu wa hadhi. Mfumo umemheshimu."

Hajji aliridhika na jibu hilo kwa muda wa mwezi mzima. Hata fedha alizilipa kwa moyo mweupe. Lakini tamaa nayo huchoka kusubiri, na wiki mbili kabla ya Idi alimwita Wagdi ofisini. Wana wote wanne walikuwepo, wakiwa na nyundo, kwa kuwa walikuwa kazini.

"Injinia, nimekulipia vichwa elfu moja na mia nne."

"Namshukuru Mungu, Hajji."

"Vichwa elfu moja na mia nne, na hakuna hata kimoja kinachotaka kulala?"

"Watu wa Ghuba hufikiri kwanza."

"Waambie wafikiri haraka. Alhamisi isipite bila Mkuweti mmoja kutoa arubuni. Ikipita, elfu sabini zangu zirudi hapa mezani, na wanangu watakusindikiza kuzichukua."

Wagdi alitoka pale akipiga mluzi. Elfu sabini alikuwa nazo nyumbani, kwenye boksi la vioo vya simu, na hesabu yake ilikuwa nzuri mno hata alisikitika kwamba hana wa kumsimulia. Angenunua seti ya Hajji kwa pesa za Hajji, kwa bei ya Dumyati. Kisha angefunga ndoa, na kabla jua la Alhamisi halijatua angemchukua Shahinda wakakae Bandari Saidi kwa shangazi yake mpaka hasira za watu zipoe.

Jumanne jioni alikaa sebuleni kwa Mama Inshirah, akampa simu achague mwenyewe. Mama Inshirah alikuwa mjane aliyesimamia kantini ya shule kwa miaka mingi, na alihesabu sandwichi kwa kuzitazama tu. Alivaa miwani.

"Hii ya maua ya kuchonga," alisema. Kisha akaona bei. "Laki mbili na kumi! Mwanangu, umeiba wapi?"

Wagdi akakumbuka kwamba simu bado ilikuwa Kuweti.

"Hapana, mama, simu imekosea tu. Lete." Akazima programu, akaiunganisha simu na intaneti ya nyumba, akamrudishia. "Tazama sasa."

"Elfu sabini."

"Si unaona."

"Kitanda kilekile?"

"Mbao zilezile, vitasa vilevile."

Angeishia hapo, leo angekuwa mtu mwingine. Lakini Shahinda alikuwa ameegemea mlango na trei ya chai, akimtazama, na Wagdi hakuwa na nguvu ya kutazamwa hivyo bila kujisifu. Akaeleza yote: namba, Jicho, taa, Doha wakati wa ful. Shahinda alicheka mpaka akaweka trei chini. Mama Inshirah hakucheka.

"Irudishe Kuweti," alisema.

"Mama?"

"Irudishe. Nunua ukiwa huko."

"Lakini mama, ni kitanda hichohicho!"

"Kitanda ndicho. Risiti siyo. Siku ya ndoa utasaini qaima, au hujui? Kila kitu cha binti yangu na bei yake. Ukimwacha, unamrudishia vitu au thamani yake, usipoweza ni kituo cha polisi. Unataka nimwandikie elfu sabini wakati kuna risiti ya laki mbili na kumi?"

"Mimi simwachi Shahinda!"

"Basi bei inakuuma nini?"

Wagdi alimgeukia mchumba wake. "Shahinda, sema na mama."

"Nimwambie nini, Wagdi? Mtu aliyenipenda akiwa Kuweti aninunulie akiwa Dumyati?"

"Na kama hutaki," Mama Inshirah aliongeza, akikoroga chai, "kesho nitapita kwa Hajji Bayumi kumsalimia. Nasikia ana wana wanne."

Wagdi akasafiri kwenda Kuweti, safari yake ya mwisho, akanunua. Elfu sabini zikatoka arubuni, zilizobaki kwa awamu.

Alhamisi lori lilikuja na matarumbeta, honi na watoto wa mtaa nyuma yake. Hajji alikuja mwenyewe, kanzu mpya, amwone Mkuweti wake. Alipanda ghorofa tano kwa miguu. Mlangoni alimkuta Wagdi.

Alimtazama viatu. Alitazama tena.

"Mkuweti yuko wapi?"

"Ndiye huyu," alijibu Mama Inshirah kutoka ndani.

Hajji alisimama na tasbihi yake, na midomo ikawa inacheza. Watu walidhani anasali. Alikuwa anahesabu. Alipomaliza, uso ulikunjuka.

"Hajji," Wagdi alisema kwa sauti ndogo, "mimi ni mtoto wa hapa. Viatu vyangu unavijua. Nifanyie bei ya Dumyati."

"Viatu nimeviona, mwanangu. Lakini mfumo unasema Kuweti, na wewe mwenyewe ulinifundisha kwamba mfumo unajua kuliko mke." Akambusu mashavu yote mawili. "Mashine nzuri sana hii. Imeniletea mteja."

"Hajji," akaita Mama Inshirah, "dalali akileta mteja wa Ghuba anapata ngapi?"

"Asilimia kumi, dada."

"Dalali ni mimi. Ila pesa sitaki, nataka kochi."

Ndoa ilifungwa. Wa jibini alikuja, akala vizuri. Shahinda husema analala vyema.

Gharama ni hizi. Seti, laki mbili na elfu kumi. Arubuni, elfu sabini. Deni, laki moja na elfu arobaini, kwa miezi thelathini na mitano, elfu nne kila mwezi, hati zote zimesainiwa na ziko kwenye sefu ya Hajji. Lori na matarumbeta, elfu sita, zilizolipwa kwa kuuza simu. Na kwenye qaima, kwa mkono wa Wagdi, laki mbili na elfu kumi nyingine, zisizodaiwa mpaka siku atakapomwacha mkewe.